Mke Asiyekumbukwa

Emilienne alifika Kasongo akiwa na vumbi jekundu mpaka magotini, na alipoonyeshwa kigoda alikataa kukaa. Alisimama mlangoni pa Bulaimu, ameshika mwimo kama mtu anayeogopa kwamba nyumba itamkimbia.

"Wifi," alisema, "nimekuja kukuita. Cécilia iko na uchungu tangu juzi. Mutoto hatoki."

Léocadie alikuwa anapepeta mpunga. Hakuinua kichwa. Ungo uliendelea kupanda na kushuka, makapi yakiruka kando, na kuku wa Bulaimu, kaka yake, wakiyagombea.

"Umekosea nyumba," alisema. "Hapa hakuna mukunga."

"Sikufuata mukunga. Nimefuata weye."

Hapo ungo ukasimama.

Hakuna mwanamke wa pande zile ambaye hakujua maana ya maneno hayo. Mtoto akikwama, wazee wa kike huulizana: nani ana fundo na huyu? Anayetajwa huitwa. Akifika, lazima aseme kinyongo chake chote kwa sauti, bila kubakiza hata neno, kisha achukue maji kinywani na kumpulizia mzazi tumboni. Akibakiza, maji hayafanyi kazi. Akikataa kuja, na yule mwenye uchungu akafa, basi yeye ni muuaji. Hatapewa tena hata kaa la moto kwa jirani.

Na fundo la Léocadie nani hakulijua?

Kabla ya ubatizo aliitwa Feza. Alitoka upande wa Wamaza, katika Kabambare, kuja kuolewa karibu na Kasongo, na Bulaimu kaka yake alimfuata njia nzima na kirago chake kichwani. Miaka kumi na moja alikaa na mume wake. Alizaa wawili, akazika wawili. Tumbo lilipokauka, ni yeye mwenyewe aliyemwambia mume, "Tafuta mwingine, nyumba inanyamaza sana." Ni yeye aliyemchagua Cécilia, mtoto wa wakulima wa Lusangi, akamsuka nywele siku ya kuingia, akamwonyesha kisima kiko wapi na jiko linavuja wapi.

Tena ni yeye wa kwanza katika nyumba ile kwenda kwenye mafundisho ya dini. Kila jioni alirudi na alichosikia kwa Raphaël, katekista wa kijiji, akamsimulia mume wake wakila majani ya sombe, mpaka mume naye akavutwa. Mume akataka kubatizwa na kuitwa Marcellin. Padri akasema: mke mmoja.

Wiki zile mama yake alikufa, na Léocadie akaenda Kabambare kumzika. Akiwa huko, Marcellin aliitwa misheni akaulizwa ni yupi aliyemwoa kwanza. Akikumbuka, yule wa kwanza ndiye atakayebaki. Asipokumbuka, anaruhusiwa kuchagua.

"Sikumbuki," alisema Marcellin. Akamchagua Cécilia, aliyekuwa na mtoto mgongoni.

Léocadie aliporudi, na majivu ya matanga bado yako kichwani, alikuta kirago chake kimekunjwa nje ya mlango, jembe na chungu juu yake. Alimwuliza Raphaël kama hakuna wa kumwita Bulaimu atoe ushahidi. Raphaël alitazama chini. Bulaimu alikuwa mtu wa msikiti, na ushahidi wa mtu wa msikiti misheni haukupokelewa.

Miaka sita sasa. Alibatizwa mwaka uliofuata, peke yake, bila kusindikizwa na mtu, kwa sababu hakuona kwa nini Mungu naye anyang'anywe. Alikaa mwisho kabisa wa kanisa, na watu walipokuwa wanasali kwa pamoja, wakafika pale pa kusamehe waliowakosea, alifunga kinywa. Palipopita, alikifungua, akaendelea nao.

"Wazee wametaja jina langu?" aliuliza.

"Walitaja jina lako kabla hata uchungu haujaanza," alisema Emilienne. Alikuwa dada mkubwa wa Marcellin, na hakuwa mtu wa kupamba maneno. "Wifi, mambo ya mudogo wangu siyatetei. Lakini yule mwanamuke anageuka rangi."

Bulaimu alitoka uani, maji ya udhu bado yanamdondoka mikononi. Alikuwa amesikia yote.

"Uende," alisema.

"Na weye ndiye unasema? Weye uliyebeba kirago changu?"

"Nilikibeba. Shingo inanikumbusha mpaka leo. Lakini mimba ile haikukunja kirago chako."

"Nikienda, watasema nimekubali kwamba miye ndiye niliyemufunga."

"Na usipoenda watasema nini?" Alivua makubazi yake ya ngozi, akayasukuma kwa mguu mbele yake. "Vaa. Barabara inaunguza. Uyarudishe, sina mengine ya Ijumaa."

Léocadie aliacha ungo chini ulivyo. Aliyavaa yale makubazi, makubwa kama mitumbwi, akamwambia kaka yake bila kumtazama, "Simuendei yeye. Ninaenda ili nisiitwe muuaji."

"Mungu hataangalia sana ni kwa nini," alisema Bulaimu, "mradi umefika."

Wakashika njia ya Nyangwe. Ilikuwa wakati wa kung'oa vijiti vya pamba na kuvichoma, na moshi ulikuwa umelala pande zote mbili za barabara. Monita wa pamba, msimamizi wa mashamba, alikuwa ametangaza siku ya kupita kukagua. Mwanamume ambaye atakutwa na kijiti kimoja kimesimama, anajua kitakachompata. Kwa hiyo wanaume wote walikuwa mashambani, weusi kwa majivu.

"Kwa nini hamukumuleta hospitali?" Léocadie aliuliza, bila kupunguza mwendo.

"Nani abebe kipoyi cha mugonjwa begani? Unaona mwenyewe wanaume wako wapi. Tena wazee wamekataa. Wanasema akibebwa na fundo lile, atafia njiani."

"Siku mbili munamutazama tu?"

"Tulikuwa tunabishana nani aje kukuita. Wote waliogopa ulimi wako."

Léocadie alicheka puani, mara moja, kisha akaongeza mwendo. Makubazi yalipiga visigino vyake, pwata, pwata. Alikuwa anapanga maneno. Aliyapanga, akayavunja, akayapanga tena. Atasema mambo ya kirago. Atasema mambo ya kilio cha mama yake. Halafu atasema: fundo hili halikufungwa na mtu mmoja. Naye aliyelifunga aseme. Aseme mbele ya wote kama kweli hakumbuki.

Na hapo wazo jingine likaingia, dogo, likakaa. Marcellin akikiri kwamba alikumbuka, basi ndoa yake ya kanisani ilisimama juu ya uongo. Padri ataivunja. Yeye Léocadie atarudi. Aliona mafiga yake matatu, ambayo aliyaokota mwenyewe mtoni na kuyabeba moja moja. Aliona mahali pa kutundikia kibuyu cha mawese. Aliona Cécilia akitoka mlangoni, na hakumaliza kuona anatoka na nini mikononi.

Alijikuta anakimbia.

"Wifi, polepole!" Emilienne alilia nyuma. "Unakimbilia nini?"

Léocadie alizidi kukimbia.

Walifika jua likiwa limepita utosi. Raphaël katekista alikuwa amekaa mbele ya nyumba, rozari mkononi. Marcellin alikuwa ameegemea ukuta, majivu mpaka viwikoni, kwa kuwa hata siku ile hakuthubutu kuacha shamba asubuhi. Alipomwona Léocadie alikwepesha macho.

Raphaël alisimama. "Mama Léocadie, weye ni mubatizwa. Mambo haya ya kupulizia maji Padiri ameyakataza."

"Padiri amekataza na uongo?"

"Amekataza."

"Basi kaa palepale, usikilize vizuri."

Nyuma ya nyumba, ndani ya ua wa migomba uliopakana na ukuta, wanawake wanne walikuwa wamemzunguka Cécilia. Alikuwa amekaa chini, miguu mbele, kichwa kimelala begani kwa mtu. Midomo yake ilikuwa na ngozi nyeupe. Miaka sita Léocadie alikuwa amembeba moyoni yule msichana mwenye mashavu, anayecheka; huyu hakumtambua.

Kikongwe mmoja alimpa kibuyu cha maji. "Sema."

Léocadie alitazama wanawake wote. Kiburi kilimpanda. "Sina fundo," alisema.

"Hana fundo!" kikongwe aliwaambia wenzake. "Na miye sikung'oka meno, niliyasahau nyumbani. Mwanangu, sema, jua linaondoka."

Basi akasema. Mwanzoni kwa sauti ya chini, halafu sauti ikajitafutia njia yenyewe. Alisema habari za kirago. Alisema kwamba alitoka kumzika mama yake na hakupewa hata maji ya kunawa mikono. Alisema kwamba alimfundisha Cécilia mapishi ya nyumba ile, na Cécilia siku ile alikaa ndani, mlango umefungwa, akisikia hatua zake nje, asifungue.

"Nilikuchukia," alisema. "Nilikuchukia kanisani, nikipiga magoti. Ulipozaa yule wa pili, niliposikia ni muzima, sikulala. Niliomba tumbo lako likauke kama langu. Niliomba kwa Mungu, siyo kwa mwingine. Ndiyo hiyo. Yote ndiyo hiyo."

Kikongwe alimwonyesha kibuyu kwa kidole.

"Lakini kinywa changu peke yake hakitoshi," aliendelea, na sasa aligeukia ukuta. "Yuko mutu huko mbele anayejua. Marcellin! Unanisikia. Sema sasa, kama siku ile ulikumbuka ao hukukumbuka. Sitapuliza maji haya mpaka useme."

Akainua kibuyu, akajaza maji kinywani, akayashika.

Alisimama hivyo, mashavu yamevimba, macho kwenye ukuta. Kutoka mbele hakuna sauti. Kuku alipita. Maji yalianza kupata joto mdomoni. Wanawake walimtazama yeye, wakatazama ukuta, na mmoja akaanza kulia kimya kimya. Léocadie alihesabu pumzi zake. Aliweza kungoja. Miaka sita alingoja. Kwa nini asingoje kidogo tena?

"Yaya," alisema Cécilia.

Sauti ilikuwa kama ya mtu aliye ndani ya kisima.

"Yaya Feza. Mugongo."

Zamani, Cécilia alipokuwa anazaa mtoto wa kwanza, hakutaka mtu mwingine amguse. Usiku ule wote alimwita kama dada mkubwa, kwa maneno hayo tu, yaya, mgongo, na Feza alikaa nyuma yake, magoti yake kwenye kiuno cha yule msichana, akisukuma mpaka viganja vikapata ganzi. Mambo yale Léocadie alikuwa hajayasema pale uani. Hayakuwa kinyongo, kwa hiyo hakuna aliyeyauliza.

Alitazama ukuta mara ya mwisho. Ukuta ulinyamaza.

Akapuliza. Maji yalimwangukia Cécilia tumboni na kifuani, mengine usoni, na Cécilia akatoa ulimi akayalamba. Léocadie akatupa kibuyu.

"Inuka," alisema. "Nani aliwaambia mumukalishe hivi? Mutoto ameelekea vibaya, hamuoni tumbo lilivyokaa? Mushikeni. Magoti na mikono chini, kama mutu anapiga deki. Leteni mawese."

"Ameamuka Yaya," mwanamke mmoja alinong'ona, na wote wakaanza kukimbia huku na huku.

Léocadie alivua makubazi, akakaa nyuma ya Cécilia, akapaka mawese mikononi, akaanza kusukuma kiuno. Alisukuma na kutukana. Alimtukana Cécilia kwamba ni mvivu, kwamba tangu aje hajui kupepeta mpunga. Alitukana monita na pamba yake. Alimtukana na Mungu kidogo, akaomba msamaha palepale. Cécilia alikuwa analia na, katikati ya kulia, alicheka mara moja.

Na hapo, wakati hakuna tena aliyekuwa anamngoja, sauti ya Marcellin ikatoka upande wa pili wa ukuta. Haikuwa kubwa.

"Nilikumbuka," alisema. "Feza ndiye wa kwanza. Siku ile nilikumbuka, hata miti ya njiani nilikumbuka. Nilisema uongo."

Wanawake walikuwa wanapiga kelele za kumhimiza mzazi. Léocadie alikuwa karibu na ukuta. Alisikia kila neno. Viganja vyake vilisimama pumzi moja tu, vikaendelea.

Mtoto alitoka baada ya muda kidogo, msichana, kichwa kimerefuka kama papai, akakaa kimya mpaka kikongwe akampulizia puani. Akalia. Watu walibishana siku nyingi baadaye. Wengine walisema ni maji. Wengine walisema ni neno la Marcellin, ingawa hakuna aliyekiri kulisikia vizuri. Emilienne alisema ni mawese na magoti, na kwamba wao wote ni wajinga, na yeye wa kwanza.

Léocadie alikuwa ananawa mikono Raphaël alipomwita. Alimpeleka mbele ya nyumba, chini ya upenu. Marcellin alikuwepo, amekaa chini kama mtu aliyeangushwa. Emilienne alisimama mlangoni.

Raphaël hakuwa mtu mbaya. Alisema polepole, akihesabu rozari bila kusali. "Mama, nilisikia mutu amesema kitu. Lakini kelele ilikuwa nyingi, na miye nilikuwa nimesogea mbali na ukuta, nikijizuia nisisikilize mambo ya wanawake. Weye ulikuwa karibu na ukuta. Kama Marcellin alisema alikumbuka, lazima nimuambie Padiri Jumapili. Ndoa ile ataivunja. Cécilia atarudi kwao Lusangi, na weye utaingia nyumba yako. Ni haki yako. Miye mwenyewe siku ile nilitazama chini, na Mungu ameniona. Leo sitatazama chini. Ulisikia nini?"

Marcellin aliinua macho. Kwa mara ya kwanza tangu miaka sita alimtazama bila kukwepa. Hakuomba kitu. Angalisema mwenyewe tena, Léocadie aliliona hilo. Midomo yake ilikwisha kufunguka.

"Nyamaza weye," alimwambia. "Uliulizwa siku yako. Leo ni siku yangu."

Kutoka pale alipo aliweza kuona ndani, mpaka jikoni. Mafiga yake yalikuwa palepale, meusi, matatu. Mtu alikuwa ameyatunza. Mtoto wa kwanza wa Cécilia, msichana ambaye yeye alimpokea kwa mikono hii, alikuwa amechutama kando yake na mdogo wake, wakila muhogo baridi, wakisikiliza mtoto mpya anavyolia uani. Haki yake ilikuwa imekaa pale pale katikati yao. Alitamani kuichukua. Ilimuuma meno kwa kuitamani.

"Mama Léocadie?" alisema Raphaël.

"Sikumbuki," alisema.

"Mama. Ni sasa hivi tu."

"Ndiyo, ni sasa hivi tu, na sikumbuki. Yeye alisahau miaka kumi na moja, wala hamukumushangaa."

Emilienne alishika kinywa kwa mkono. Raphaël alimtazama Marcellin, akamtazama yeye, kisha akaiweka rozari mfukoni. Marcellin alificha uso kwenye magoti, mabega yakaanza kutikisika, na Léocadie akaona kwamba machozi yale hayampi raha yoyote. Alikuwa ameyangoja sana, na sasa yalikuwa maji tu.

Aliingia uani kuchukua makubazi. Cécilia alikuwa amelala juu ya majani, mtoto kifuani.

"Yaya, lala hapa leo."

"Niliacha mupunga kwenye ungo. Kuku wa Bulaimu watakuwa wameumaliza." Aliinama, akafunika mguu wa mtoto uliotoka kwenye kitambaa. "Usimulaze huyu upande mumoja. Kichwa kitabaki hivi."

"Utarudi?"

"Sijui. Usiniulize leo."

Akaondoka kabla Emilienne hajamfungia chakula. Jua lilikuwa limeshuka nyuma yake na moshi wa pamba ulikuwa umegeuka mwekundu. Alitembea haraka kama alivyokuja, ingawa sasa hakuna aliyemwita. Alijua Jumamosi atalazimika kuungama uongo, na Padri akimwuliza ni uongo gani, hakujua atajibu nini. Alijua kesho atajuta. Alikuwa amekwisha kuanza kujuta, na katikati ya majuto aliendelea kusikia ile sauti ndogo, Yaya, mgongo, na viganja vyake vilikuwa bado vinanuka mawese.

Alianza kusali ili akili ikae mahali pamoja. Alipofika pale pa kusamehe, kinywa kikafunga chenyewe, kwa mazoea. Alisimama katikati ya barabara. Akatema mate, akaanza tena tangu mwanzo. Mara ya pili alifika palepale, akavuka neno moja, akakwama. Makubazi ya Bulaimu yalikuwa yamemchubua visigino. Akayavua, akayashika mkononi, na akaanza mara ya tatu.